Niliwafundisha majibu, wakaniambia "sawa mwalimu"

Bwana asifiwe wapendwa. Hii itakua ndefu mnivumilie, juzi kuna mtu kakabidhiwa kundi la matineja kanisani kwao akaniuliza aanzie wapi, nikamwandikia meseji tatu ndefu alafu nikagundua bado sijamwambia lile kosa langu kubwa, nimemwambia mazuri tu. Sasa nimeamua niseme yote.

Mimi nilipewa kundi kidharura. Aliyekua anawafundisha alihama, mchungaji akaangaza macho akaniona, akasema wewe bado kijana utawaelewa. Watoto 22, wa miaka 13 mpaka 17, na mimi sina mafunzo yoyote zaidi ya kwamba nimekulia kanisani na mdomo ninao. Nikadhani inatosha. Haitoshi, nikwambie mapema kabisa.

Nikaanza na somo ambalo karibu kila mtu anaanza nalo, Mimi ni nani katika Kristo. Nikaandaa karatasi safi yenye mistari, Yohana 1:12 mimi ni mtoto wa Mungu, 2 Wakorintho 5:17 mimi ni kiumbe kipya, 1 Petro 2:9 mzao mteule, Waefeso 2:10 mimi ni kazi ya mikono yake. Tukakariri wiki nane. Wiki ya tisa wakasimama mbele ya kanisa wakaitiririsha yote bila karatasi, watu makofi, kina mama wengine wanafuta machozi, na mimi nimekaa pembeni natabasamu kama mtu aliyemaliza kujenga nyumba.

Kama wiki tatu baadae tulikua tunakusanya viti na dogo mmoja, yule yule aliyewaongoza wenzake kukariri, miaka 15, sauti ndio kwanza inavunjika. Anapanga viti vinne vinne, haniangalii, akasema: mwalimu, mimi nikisema ni kiumbe kipya naona kama nadanganya, maana niko vile vile. Sasa sikieni nilivyojibu. Nikamwambia usiangalie hisia angalia Neno, alafu nikampa mstari mwingine juu ya ule. Akasema "sawa mwalimu", akanyanyua viti vyake vinne akaenda kuviweka.

Hiyo "sawa mwalimu" nimekuja kuifahamu vizuri sana. Ni mlango unaofungwa taratibu ili usipige kelele. Tineja anayekubishia bado yuko na wewe, anataka umjibu, ila akikwambia sawa mwalimu kwa ile sauti ya chini ujue ameshaondoka kabaki mwili tu. Na mimi siku ile sikujua, nilienda nyumbani nimefurahi kwamba nimemjenga kijana wa watu.

Ila lile neno lake la "nadanganya" lilikua linanirudia rudia, hasa usiku. Nikaamua nijaribu kitu tofauti. Nikagawa vikaratasi visivyo na jina, juu yake nimeandika sentensi ambazo hazijaisha wao wazimalizie. "Nikiomba peke yangu huwa..." "Kitu ambacho siwezi kuuliza kanisani ni..." "Kama ningezaliwa kwenye familia isiyo ya Kikristo, leo mimi..." Nikapata vikaratasi 19. Nilivisoma peke yangu baada ya wote kuondoka na kwa kweli mikono ilikua baridi. Kuna aliyeandika akiomba anahisi anaongea na dari. Kuna aliyeuliza kama Mungu anampenda kila mtu mbona yeye hajawahi kusikia chochote na wenzake wanasema wanasikia. Vinne vilikua vitupu kabisa. Na kimoja kilisema hivi: "sijui kama naamini au nimezoea tu."

Wale ndio watoto wangu waliopigiwa makofi.

Sasa hapa ndio nilipochemka, na ndio sababu hasa ya kuandika haya yote. Kile kikaratasi cha "nimezoea tu" niliujua mwandiko wake. Binti wa miaka 16, ana namna yake ya kuandika herufi g, ina mkia mrefu unaorudi nyuma kama ndoano. Mama yake ni mtu wa maombi, tunaheshimiana sana, na Jumapili ile ile tukakutana nje nikajikuta nimemwambia. Yani nilianza na "mama, tumwombee sana binti yetu", na ukishaanza hivyo lazima umalizie. Moyoni mwangu nilikua nasaidia. Huo ndio ubaya wake, ukiwa unasaidia huoni kama unamsaliti mtu.

Sijui kilichoongelewa nyumbani kwao usiku ule na sikuwahi kuuliza. Najua tu wiki iliyofuata hakuja, na iliyofuata hakuja, na wenzake wote walikua wanajua kwa nini. Nikagawa vikaratasi tena kama kawaida, si nimeshaona vinafanya kazi, nikapata 17 na vyote 17 vina maneno karibu yale yale, "namshukuru Mungu kwa yote". Kumi na saba! Hata utani hamna. Nikakaa pale kwenye benchi nikaelewa kwamba nimebomoa kwa sentensi moja ya nje ya kanisa.

Nilichofanya baada ya hapo nilichelewa wiki mbili kukifanya kwa sababu ya kiburi tu, nilikua nawaza mkubwa anawaombaje msamaha watoto. Mwishowe nikasimama mbele yao nikasema mliniamini na karatasi zenu, mimi nikamwambia mtu mwingine, nilikosea, sina cha kujitetea. Sikutaja ya nani. Kisha nikaenda nyumbani kwao yule binti, nikaomba msamaha kwake na kwa mama yake wakiwa wote wawili, nikamwambia mama kosa sio la binti kuandika, kosa ni langu kusema. Binti akasema "sawa mwalimu". Nikajua safari bado ndefu. Ilichukua kama miezi mitano ndio mtu wa kwanza kwenye kundi aandike tena kitu cha kweli.

Kwa hiyo kabla hujauliza swali lolote la ndani, weka masharti ya siri na uyaseme wazi wayasikie. Mimi sasa siku ya kwanza tu nawaambia: mtakachosema hapa sipeleki kwa mzazi, sipeleki kwa mchungaji, siombei hadharani kwa mafumbo (hii ya kuombea mtu kwa mafumbo sisi wapendwa tunaipenda sana na kila mtu huwa anajua ni nani). Isipokua vitu vitatu: mtu anakuumiza, unataka kujiumiza, au unataka kumuumiza mwingine. Hivyo siwezi kukaa navyo, nitamtafuta mtu mzima anayeweza kusaidia, na nitakwambia wewe kwanza kabla sijaenda. Imeshatokea mara moja nikalazimika kufanya hivyo, na kwa sababu nilishasema tangu mwanzo mtoto hakuona nimemgeuka. Na usikae na mtoto mmoja sehemu iliyofungwa, hata kama anataka kulia. Kaeni mnapoonekana, na muwe watu wazima wawili kwenye kundi. Inamlinda yeye na inakulinda wewe.

Kile kipindi cha miezi mitano ya ukimya ndio nilianza kusoma na kuuliza watu. Rafiki yangu aliyesomea saikolojia akanielezea mambo ya mtu anaitwa James Marcia, ambaye mwaka 1966 alichukua mawazo ya Erik Erikson kuhusu ujana na utambulisho akayapanua. Kwa kifupi Marcia anaangalia vitu viwili, je huyu kijana amechunguza, na je ameshika msimamo. Ukivichanganya unapata watu wa aina nne. Kuna aliyechunguza akashika. Kuna aliye katikati ya kuchunguza hajashika bado. Kuna ambaye hajachunguza wala hajashika, hana habari. Na kuna aliyeshika bila kuchunguza, kapokea kama alivyopewa na wakubwa. Nikamwambia rafiki yangu subiri, huyo wa mwisho ndio kundi langu zima siku ya makofi. Na huyu binti ambaye nilimuona anapotea kumbe yeye ndio alikua ameanza kuchunguza! Mimi nikamkimbilia na zimamoto.

Akaniambia pia kuna James Fowler, aliandika kuhusu hatua za imani mwaka 1981, anasema kwenye umri huu imani ya mtu inashikiliwa sana na watu waliomzunguka, anaamini kwa sababu ya kundi lake na wale anaowaheshimu. Hii ilinisaidia kuacha kuwaona wanafiki. Kijana anayeimba kwa nguvu kanisani alafu shuleni hataki ijulikane ameokoka hafanyi maigizo sehemu zote mbili, amebeba vioo viwili na kila kimoja kinamwonyesha sura tofauti, na hajui bado ipi ni yake.

Ila ngoja niseme na kosa la pili, maana nilipoelewa haya nikazidisha dozi. Nikaanza kulazimisha kila mtu achunguze. Kila wiki maswali magumu, mbona hiki, una uhakika gani. Kulikua na binti wa miaka 14, imani yake imetulia tu, anaomba, anapenda, basi. Siku moja akanifuata akaniuliza, mwalimu mimi sina mashaka, kwani nina tatizo gani? Aisee. Nilikua nimemfanya aone utulivu wake ni ugonjwa. Kuchunguza kuna wakati wake na hauko sawa kwa wote, wengine watafika huko wakiwa na miaka 25 na sio kazi yangu kuwasukuma. Kazi yangu ni kwamba siku akifika akute mlango uko wazi.

Kilichotufungua tena sio mbinu yoyote, ni hadithi ambazo wote tulikua tunazijua. Nilisoma nao 1 Samweli 3 na tukakaa kwenye mstari wa 7, unaosema Samweli alikua hajamjua Bwana bado. Nikawaambia someni tena. Huyu mtoto analala hekaluni! Amezaliwa kwa maombi, ametolewa kwa Bwana toka mdogo, anahudumu mbele ya Eli kila siku, na Biblia yenyewe inasema hajamjua Bwana bado, na haisemi kwa kumlaumu. Kulikua na ukimya pale, mmoja akasema kumbe unaweza kuwa ndani kabisa na hujafika. Basi yakaanza kutoka. Na mimi nilichokiona siku ile ni Eli, kwamba mara mbili mtoto anamjia yeye anamwambia karudi kulala, mpaka mara ya tatu ndio anaelewa ni Bwana anaita. Na alipoelewa hakwenda kumjibia. Alimfundisha cha kusema akamrudisha akalale mahali pake peke yake. Mimi kwenye ile nafasi ningevuta kiti nikakaa pembeni ya kitanda nisikilize.

Nyingine ni Yakobo. Kwenye Mwanzo 27 baba yake anamuuliza wewe u nani, anajibu "Mimi ni Esau, mzaliwa wako wa kwanza", amevaa nguo za kaka yake na ngozi za mbuzi mikononi. Miaka inapita, Mwanzo 32 anashindana mweleka usiku kucha, anaulizwa jina lako nani, na safari hii anasema Yakobo. Baraka ya kwanza aliipata kwa jina la mtu mwingine, ya pili ikabidi aseme la kwake. Niliwauliza swali moja tu, wewe ukiomba unavaa nguo za nani? Nikanyamaza.

Kunyamaza hapo ni kazi kuliko kuhubiri, nawaambia ukweli. Ukiuliza swali la aina hii hesabu moyoni mpaka ishirini kabla hujafungua mdomo. Ikifika nane utatamani kufa, ikifika kumi na mbili kuna mtu atakohoa au atacheka, vumilia. Wengi wetu tunauliza alafu tunajijibu wenyewe sekunde ya tatu, watoto wameshajifunza kwamba wakikaa kimya kidogo mwalimu atamaliza mwenyewe.

Zoezi jingine lililofanya kazi ni la mistari mitano kwenye karatasi: nyumbani, shuleni, kanisani, kwenye simu, na usiku nikiwa peke yangu. Kila mstari unaandika pale wewe ni nani, neno moja moja tu. Usiombe waonyeshe, karatasi ni yao, wakitaka kuichana wachane. Mtoto mmoja wa kiongozi pale kanisani alinionyesha yake kwa hiari. Kwenye kanisani kaandika "mtoto wa fulani", jina la baba yake. Nyumbani kaandika hivyo hivyo. Mistari mitatu iliyobaki ilikua mitupu, ila ule wa usiku ulikua na alama ya kufutwa, ameandika kitu akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Sikumuuliza alikua ameandika nini. Nilimwambia tu asante kwa kunionyesha. Zamani ningemtafutia mstari wa Biblia.

Wazazi nao. Kuna waliolalamika kwa uongozi kwamba nawafundisha watoto mashaka, na siwalaumu, mtoto anarudi nyumbani anauliza maswali ambayo hata mzazi hajawahi kujiuliza, lazima uogope. Nilikosea kuanza na watoto bila kukaa na wazazi. Nilipokaa nao nilisoma Marko 9:24, yule baba aliyesema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", alafu nikawaonyesha kwamba Yesu hakumfukuza akajipange kwanza, alimponya mtoto wake siku hiyo hiyo. Tukasoma na Zaburi 88, ambayo inaisha gizani kabisa, hakuna lile "lakini nitakusifu" la mwishoni, na bado iko kwenye kitabu cha maombi. Baba mmoja akasema hii sijawahi kusikia ikihubiriwa. Wengine walielewa, wengine wawili waliwatoa watoto wao kwenye kundi na wakaenda zao.

Na wewe mwenyewe jiandae, hii hawasemi. Huwezi kukaa mwaka mzima unasikiliza watoto wanauliza kama kuna mtu anasikia maombi yao na wewe ukalala vizuri kila siku. Kuna miezi nilikua naomba na najisikia kama nasoma tangazo. Nilimpata mtu mzima mmoja wa kumwambia, mzee wangu wa siku nyingi, na bila yeye ningeacha kazi. Tafuta wa kwako kabla hujaanza, usije ukawamwagia watoto mizigo yako.

Kama kwenu kuna kipaimara au darasa la ubatizo, mtaelewana na viongozi wenu, ila ombi langu ni moja, msimpime kijana kwa kukariri peke yake na msimfanye aliyesema "bado sijawa tayari" aonekane ameshindwa. Mimi yule dogo wa viti aliniambia hivyo, bado, na nikamwambia asante kwa kusema ukweli, kwa sababu nilikua nimeshajifunza kwa gharama ya mtu mwingine. Yule binti wa herufi g alirudi baada ya muda mrefu, anakaa karibu na mlango. Haandiki vikaratasi. Anakuja tu, na mimi sijamuuliza kitu.

Wiki iliyopita niligawa vikaratasi kama kawaida, nikarudi kukaa kwenye kiti changu nisubiri. Ikatokea sauti karibu na mlango, ni yeye: "Na wewe mwalimu si uchukue." Wote wakageuka wananiangalia. Nikachukua. Sentensi ya kwanza juu ilikua "Nikiomba peke yangu huwa...", nimeiandika mwenyewe mara ngapi sijui na sikuwahi kuimalizia. Nikashika kalamu, nikaiweka kwenye karatasi, haiendi. Wanaandika kimya kabisa, mimi bado nimeduwaa. Yule dogo wa viti akaniinamia akaninong'oneza, "mwalimu, jina usiandike."